Orodha Niliyoisoma Chokaani

Vijana wangu wa ofisini, mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau, na mmeniomba kwa adabu, kwa hiyo sina njia ya kukataa. Namshukuru Mola aliyenifikisha siku ya kustaafu nikiwa na miguu yangu na akili zangu. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii katika mitaa ya nyuma ya Malindi, na huku Kilifi mpaka Matsangoni, kwa muda unaozidi umri wa baadhi yenu. Vyeo nilivyopata havimsaidii mtu. Nitawaeleza mtaa mmoja tu, Chokaani, kwa sababu huko ndiko nilikofanya makosa makubwa mawili, na la pili nikapigiwa makofi.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nasomesha watoto madrasa, na watu waliendelea kuniita Ustadhi hata niliponunuliwa fulana yenye nembo ya shirika. Siku ya kwanza nilipewa kalamu, ubao wa kuandikia na fomu. Fomu ilitaka kujua nini hakipo. Choo hakipo? Maji hayapo? Mlango haupo? Haikuwa na mstari hata mmoja wa kuandika kilichopo. Anayeijaza vizuri angeweza kumaliza siku nzima katika mtaa wenye watu elfu na asiandike kwamba kuna mtu.

Aliyenitembeza Chokaani ni Mzee Karisa, mzee wa mtaa na mchonga mawe wa timbo, yaani machimbo ya mawe yaliyo nyuma ya nyumba zao. Nyumba ya kwanza nilikaribishwa kwenye mkeka uliotoboka katikati, na kando yake birika jeusi lisilo na mfuniko. Nikaandika: hali duni sana. Nyumba ya pili, mkeka umetoboka katikati. Nikaandika tena. Nyumba ya nne nilikaa, nikatazama chini, nikaliona tundu lile lile lenye umbo la ndara. Nikaligusa birika. Lilikuwa bado lina joto la nyumba ya tatu.

"Mzee Karisa," nikamwambia tulipotoka, "mkeka huu unatembea kuliko mimi."

Hakucheka. "Ustadhi, fomu yako inataka nini?"

"Inataka kujua mnakosa nini."

"Basi si tunakujibu? Ungekuja kuuliza mbuzi, ungeonyeshwa mbuzi."

"Na mbuzi wako wako wapi?"

"Leo wamekwenda matembezi."

Nilikasirika, tena hasira ya mtu aliyesoma, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Darasani tulifundishwa tofauti ya fakiri na maskini: fakiri hana kitu wala kazi ya kumtosha, na maskini ana kitu lakini hakimtoshi. Wanavyuoni wamebishana miaka mingi ni yupi mwenye hali mbaya zaidi, lakini sikumbuki kusoma kuhusu maskini anayeazima mkeka ili afanane na fakiri. Ilinichukua muda kufahamu kwamba hawakulizua wao jambo hilo. Tuliwafundisha sisi. Kila aliyekuja na gari alimpa aliyeonekana hana, akampita aliyeonekana ana. Wangekuwa wajinga kama wasingeazimana mkeka.

Sasa, kati ya Chokaani na barabara ya lami kuna korongo. Kiangazi unalivuka na ndara mguuni. Masika maji ya mashamba yote ya juu hukusanyika humo na kumfika mtu mzima shingoni, na mtaa hukatika nusu siku, mara nyingine siku mbili. Shirika letu lilikuwa limesimika ubao ukingoni kutangaza daraja la waendao kwa miguu. Ulikuwa ubao mzuri. Ulikaa hapo hadi kuku wakauzoea, wakawa wanaulalia.

Wachonga mawe hawakuwa na subira ya kuku. Jioni baada ya kazi walianza kubeba mawe yaliyovunjika pembe, yale yasiyouzika, na kuyapanga korongoni. Mkubwa wangu akasikia, akaniita. Alikuwa kijana mpole, aliyevaa viatu vya kupandia milima katika mji usio na mlima.

"Wakianza wenyewe, wafadhili watauliza hitaji liko wapi," akasema. "Waambie wasubiri, Ustadhi. Wewe wanakusikia."

Nikaenda kuwaambia. Nilitumia sauti yangu ya madrasa, ile ya kueleza jambo lisilo na shaka. Mzee Karisa aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Wakaweka chini sururu zao. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nanyi mtalifanya, kwa sababu siku watu watakapowatii mtadhani mmefanya kazi nzuri.

Masika yaliyofuata uchungu wa uzazi ulimshika Kadzo, binti wa mwanamke mmoja apondaye kokoto, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kadzo. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Korongo lilikuwa limejaa. Wakamkalisha ukingoni juu ya leso, wakamfunika turubai, wakisubiri maji yapungue wamfikishe hospitali. Maji yalipungua alasiri. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, na ameshakufa.

Nilikwenda kutoa pole. Mama Kadzo alinipa kiti, akakaa mkabala nami. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unajua umelipa kidogo.

Mtauliza kwa nini wachonga mawe hawakuendelea baada ya hapo. Ofisi ilituma wapimaji haraka, wakachungulia kwenye chombo chao cha miguu mitatu na kuacha vigingi vyekundu ardhini. Aliyeahidiwa daraja la zege huona haya kupanga mawe. Vigingi vilikaa. Kila mwaka palikuwa na barua ya kusema kazi itaanza robo ya mwaka inayofuata, na kila mwaka nilikwenda kuisoma kwa watu walewale.

Kisha mambo yakabadilika mjini. Tuliitwa hotelini, ufukweni, siku tatu, tufundishwe njia mpya. Mtaalamu alisimama mbele ya karatasi kubwa ya ukutani, akatuambia kwamba watu maskini wana vitu. Wana ujuzi, wana vyama vyao, wana majirani. Tuache kuuliza wanakosa nini, tuanze na walicho nacho. Aliyasema haya kama mtu aliyegundua kisiwa, na mbele yake sahani ya matunda aliyochongewa na mpishi anayeishi mtaa kama Chokaani. Hata hivyo maneno yake yalikuwa kweli, na nayaamini mpaka leo. Ninachokidharau ni kilichofuata. Alitugawia fomu. Ile ya zamani ya kukosa ilikuwa na kurasa nne. Hii ya kuwa nacho ilikuwa na kurasa kumi na nne.

Nikairudisha Chokaani. Watu wakakusanyika kwa heshima.

"Leo sikuulizeni mnakosa nini," nikasema. "Mna nini?"

"Hatuna kitu, Ustadhi."

"Mna mikono."

"Inauma," akadakia mmoja, wakacheka.

"Mna ujuzi wa kuchonga mawe."

"Nani kakwambia?" akauliza Mzee Karisa, na vumbi jeupe la timbo limemjaa kwenye nyusi.

Baadaye alinivuta pembeni. Kama nilikuwa na mwalimu katika kazi hii, ni huyu, ingawa hakuna semina iliyowahi kumwalika. "Ustadhi, wewe unauliza kama askari," akaniambia. "Jana mlisema asiye na kitu atapewa. Leo mnataka tutaje vitu vyetu. Unadhani tumezaliwa leo? Atakayetaja ndiye atakayefutwa."

Nikamwambia mambo hayo yamekwisha. Akanitazama kwa huruma.

Haukupita mwezi, bibi mmoja wa mtaa akafariki. Nilikwenda mazishini na huko ndiko nilikokiona nilichokitafuta kwenye fomu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kabla ya adhuhuri turubai mbili zimetoka nyumba ambayo nilikuwa nimeandika haina hata pazia. Zikaja sufuria za kupikia watu mia, na sahani zenye alama ya rangi nyekundu chini zisipotee. Mapipa ya maji yakaviringishwa kutoka uani, mapipa ambayo siku ya fomu sikuonyeshwa hata moja. Wachonga mawe walichimba kaburi lenye kuta zilizonyooka kama chumba. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma aligawa kazi za watu sitini bila kupaza sauti, na hakuna aliyekaa bure isipokuwa mimi.

Mimi nilikuwa naandika. Nilitoa daftari langu dogo nikawa naandika jina na kitu, jina na kitu. Mama Kadzo alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"Ustadhi, unamwandika marehemu ama unatuandika sisi?"

"Nawaandika nyinyi, mama."

"Basi na aibu yako uiandike hapo chini." Akaenda zake.

Sikuiandika. Ningeiandika, ingenifaa.

Kosa la pili lilikuja wiki ile ile. Mkubwa wangu alileta wageni wawili wa wafadhili kuona njia mpya inavyofanya kazi. Nikasimama mbele ya mtaa mzima, nimejaa furaha kama mtoto aliyekhitimu juzuu yake ya kwanza, nikaisoma orodha. Fulani, turubai. Fulani, mapipa matatu. Fulani, sufuria nne kubwa. Kila jina nililolitaja, mwenyewe aliinamisha kichwa kama aliyesomewa mashtaka. Wageni wakapiga makofi. Wa mtaa hawakupiga. Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka nyuma, "Umetuvua nguo mbele za watu."

Barua ilifika kabla ya masika, nikaenda kuwasomea. Ilieleza kwa lugha ya upole kwamba, kwa kuwa Chokaani imedhihirika kuwa na uwezo wa kutosha, daraja litapelekwa mtaa mwingine wenye uhitaji zaidi. Wa mtaa huo mwingine, kwa taarifa yenu, wanasubiri hadi ninapoandika haya.

Siku iliyofuata Mama Kadzo alibisha hodi nyumbani kwangu Malindi. Alikuwa ametembea. Mke wangu alimletea chai, hakuigusa.

"Ustadhi, Kadzo ana mimba ya miezi minane," akasema. "Masika yanaanza lini?"

"Wiki chache tu, Mungu akipenda."

"Atapenda. Sijaona mwaka aliokataa." Akajifunga leso upya. "Mara ya kwanza ulituzuia na mawe yetu. Mara hii umetunyang'anya hata daraja lenu. Mwanangu akifia pale ukingoni, yeye na mtoto, utawaandika daftari gani?"

Nikakisogeza kikombe karibu naye, mimi niliyesomeshwa majibu tangu utoto.

"Lile la matangani liko wapi?" akauliza.

Nikalileta.

"Soma. Nani ana mapipa?"

Nikasoma.

"Polepole. Na sururu?"

Nikasoma. Alikuwa anahesabu vidoleni, midomo ikimcheza. Tulipofika mwisho akakunja uso. "Mutua mbona hukumtaja?"

"Mutua yupi?"

"Yule Mkamba, mpangaji wa Karisa. Aliyechemsha chai siku mbili."

"Sikumwandika. Yeye ni mpangaji, si mwenyeji."

Alinitazama kama vile nilivyowahi kuutazama ule mkeka. "Mtu amejenga makalvati ya kupitisha maji chini ya barabara kutoka Mtwapa mpaka huku, ukamwacha nje kwa sababu ni mpangaji?"

Hivyo ndivyo daraja la Chokaani lilivyoanza, na naomba mlikumbuke hivyo. Halikuanza na njia mpya, na mimi sikuliongoza. Lilianza kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kusubiriwa. Orodha ile niliyoisoma kwa ujinga ilikuwa na faida moja tu: baada ya kila mtu kutajwa hadharani, hakuna aliyeweza tena kusema hana.

Mama Kadzo alipita nyumba kwa nyumba, hakuwahutubia. Alisema tu, "Mapipa yako matatu, yalete Jumamosi." Wanawake walitoa mapipa yao ya maji, jambo ambalo nyinyi wenye mifereji ya maji ndani hamtalielewa. Yalikatwa vifuniko na vitako, yakaunganishwa yakawa matundu mawili marefu ya kupitishia maji chini. Mutua ndiye aliyeonyesha namna ya kuyalaza, na alikuwa na dharau zake kwa kila kitu cha Pwani.

"Haya mawe yenu ni biskuti," akamwambia Mzee Karisa. "Yanakunywa maji."

"Biskuti hizi zimejenga Malindi kabla babu yako hajaiona bahari."

"Ndiyo maana Malindi inachubuka."

Lakini walielewana. Mawe magumu ya chini ya timbo yakawekwa msingini, yale laini yakapanda juu. Mimi nilifika siku ya kwanza nikiwa na maneno machache ya kufungulia kazi. Mzee Karisa akanikabidhi karai. "Leo Ustadhi hasemi," akawatangazia. "Anabeba." Wakashangilia kuliko walivyowahi kushangilia hotuba yangu yoyote.

Saruji ilitusumbua. Nilikwenda msikitini kwetu, ambako palikuwa na mifuko iliyobaki kwenye ukarabati. Saruji ya msikiti ni wakfu, haihamishiwi kazi nyingine, na hukumu hiyo nimeisomesha mwenyewe. Nikaomba hata hivyo. Imamu alinitazama kwa namna niliyostahili. Mifuko ikatoka kwa wazee wa kanisa la Chokaani, baadhi imeanza kuganda pembeni, nikaibeba begani nikimshukuru Mungu aliyewaumba Wakristo bila kitabu cha wakfu.

Nitaimaliza habari ya ofisi hapa, isije ikaniharibia mwisho. Daraja liliposimama, mkubwa wangu alikuja na mpiga picha. Ripoti iliandikwa kwamba Chokaani ni mfano bora wa jamii kujiendeleza kwa nguvu zake kufuatia mafunzo ya shirika. Nilialikwa kuyaeleza mafanikio hayo katika hoteli ile ile. Nilieleza kama nilivyowaeleza hapa, mkeka, sururu zilizowekwa chini, mtoto wa Kadzo, barua. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja akainua mkono akauliza kama nina fomu niliyotumia, awapelekee wenzake. Sikualikwa tena, alhamdulillahi.

Basi mnaoanza kazi, mtafundishwa kwamba watu wana nguvu, na ni kweli. Lakini wanajua wenyewe. Wanazificha kwa sababu yenu. Ukitaka kuziona, hudhuria mazishi, na daftari uliache nyumbani.

Sasa nirudi korongoni. Mvua ilianza kabla ya kazi kwisha. Matundu yalikuwa yamekaa, zege la juu la upande mmoja lina siku tano tangu kumwagwa, la upande mwingine siku mbili tu, na kuta za pembeni hazijapanda. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi tulikuta maji mekundu yakipita chini ya njia yetu kwa kishindo, na wachonga mawe wamesimama pande zote mbili, wanaangalia kama kivuko kitabomoka. Nami nilikuwa pamoja nao. Sikuomba kwa maneno mazuri. Niliomba, "Ya Rabi, kishike, kishike," kama mtoto.

Ndipo Mama Kadzo akatokea upande wa mtaa na mwavuli, na Kadzo ubavuni mwake, anatembea kwa miguu yake, mkono mmoja umeshika kiuno. Uchungu ulikuwa umemwanza alfajiri.

"Upande wa kulia!" Mutua alipaza sauti kutoka ng'ambo. "Mama, kulia! Huku kushoto bado ni uji!"

Wakapanda. Walipofika katikati Kadzo akasimama. Maumivu yalikuwa yamemkamata. Akainama, mkono mmoja gotini, mwingine kwenye bega la mama yake, na mvua ikimpiga mgongoni, na chini yake maji yale yale. Wanaume kumi na zaidi tulimkodolea macho.

"Nyinyi!" akafoka Mama Kadzo. "Hamjaona mtu? Geuzeni nyuso!"

Tukageuka. Wachonga mawe, Mutua, Mzee Karisa, nami Ustadhi wa watu, tukaligeuzia korongo migongo, tumelowa, kila mmoja akitazama kichaka kilicho mbele yake. Sikuona kitu. Nilisikia maji, nikasikia Kadzo akivuta pumzi kwa meno, kisha kimya. Kikapita kitambo ambacho sitakisahau.

Kisha sauti ya Kadzo ikatoka nyuma yetu, upande wa barabara, imechoka na ina hasira.

"Mnaangalia nini huko?" akasema. "Nishavuka. Nani ana pikipiki?"